Kusimamisha nyumba Unguja na Pemba: kutoka kamba hadi kenchi

Nyumba ya matofali ya saruji katika visiwa hivi mara nyingi haiharibiwi na uzee wa kuta zake, bali huharibiwa na chumvi inayoingia ndani ya nguzo na renta (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) na kuila nondo, mpaka zege likapasuka na kumeguka vipande. Kwa hiyo mwenye fedha za kubana ni bora azitie kwanza katika yale yatakayofichwa na lipu, na vigae na jipsamu vingoje zamu yao.

Kabla fundi hajashika chepe, malizana na sheha, yaani kiongozi wa Serikali katika shehia yako, na upate kibali cha ujenzi, hasa ikiwa kiwanja kimekatwa kutoka katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwani ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Mji Mkongwe una taratibu zake za hifadhi, ambazo hazimo katika maelezo haya.

Msingi uanze masika yakishakatika, kwenye mwezi wa Juni, ili renta iwe imeshafungwa kabla ya vuli ya Oktoba. Wakati wa kuvuta kamba za kuchorea msingi, hakikisha pembe za nyumba kwa kipimo cha 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja wa pembe, mita 4 upande wa pili, na umbali baina ya alama hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Kisha pima nyumba nzima kimshazari, kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, mara mbili. Vipimo viwili visipolingana, kamba ing'olewe na ivutwe upya, hata kama fundi atanung'unika.

Katika ardhi ya maweni, kama ilivyo Makunduchi au Nungwi, msingi huwa mfupi lakini si wa kuaminiwa kwa macho, kwa sababu jiwe la matumbawe huwa na mashimo chini yake. Piga mtaimbo kila hatua na usikilize penye sauti ya uwazi. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabonde ya Pemba, ambao hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, chimba mpaka uipite tabaka inayobadilika kwa msimu.

Nguzo ndizo zinazostahiki jicho la mwenye nyumba kuliko kitu chochote. Nguzo ya sm 23 kwa sm 23 iwe na nondo nne za mm 12, na ringi (vyuma vilivyokunjwa kuzifunga nondo hizo) za mm 8 kila baada ya sm 20, zikikaribiana zaidi chini penye msingi na juu penye renta. Karibu na bahari, nondo inahitaji kufunikwa na zege lisilopungua sm 4 kila upande. Maana yake ni kwamba ringi ya nguzo hiyo isizidi upana wa sm 15. Mafundi wengi hukunja ringi ya sm 19 au 20 kwa mazoea, na hapo ndipo kutu inapofunguliwa mlango. Mimina vijiwe vya saruji na mchanga vyenye unene wa sm 4, kila kimoja kikiwa na kipande cha waya ndani, uvifunge kwenye ringi ili nondo zisiegemee mbao za fomu. Pale nondo zinapoungwa, zipishane kwa sm 60.

Zege la nguzo ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kupima kwa chepe ni kubahatisha. Tengeneza sanduku la mbao lenye ndani sm 35 kwa 33 kwa 30, ambalo ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja wa kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapunguzwe ikiwa mchanga umelowa. Zege rojorojo humfurahisha saidia fundi kwa sababu humiminika bila taabu, lakini likikauka huacha vitundu ambavyo chumvi hupita humo. Mchanga wa pwani usitumike kabisa, na maji ya kisima kilicho karibu na ufuo yaonjwe kwanza: yakiwa na munyu, agiza maji mengine. Upepo wa kusi hukausha zege upesi, kwa hiyo livike magunia na uyamwagie maji kwa muda wa siku 7.

Renta izunguke kuta zote bila kukatika, ikiwa na nondo nne za mm 12, na vijiwe vile vile vitumike kadiri upana wa ukuta unavyoruhusu. Miti ya mivinje inayoibeba juu ya milango na madirisha isitolewe kabla ya wiki mbili.

Kabla ya kumimina zege la renta, chomeka humo vipande vya nondo za mm 8 kila penye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), viachwe virefu kiasi cha kukunjwa juu ya ubao unaolazwa juu ya ukuta kubeba kenchi, maana bati likishaingiwa na upepo kwa chini hunyanyua paa zima. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, basi tusijidanganye kwamba visiwa hivi havifikiwi. Kenchi ziwe za mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na zisitenganishwe zaidi ya mita 1.5, na papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zisiachane zaidi ya sm 90. Anza kuezeka upande usiokabili upepo ili kila bati lilale juu ya lililotangulia kwa tuta moja na nusu, na misumari ya mpira ipigwe juu ya tuta, si bondeni ambako maji hupita.