Chubwi za kusubu mwenyewe zipake nta, ila kidogo

Kwanza tuelewane, chubwi ni kile kizito cha kuzamisha mshipi wa kuvulia, na kusubu ni kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, yaani umbo la kuitengenezea. Risasi ninayosema hapa ni yale madini mazito ya kijivu sio ya bunduki, maana siku moja niliingia duka moja pale Ngamiani nikauliza "una risasi?" muuzaji akanitolea macho kama jambazi. Ingawa hata hao Wamarekani wanaosubu risasi za bunduki nyumbani nao wanazipaka nta, ili zikipita kwenye mtutu zisiache mabaki ya madini, kwahiyo ujanja ni uleule.

Sisi wavuvi wa mshipi huku Tanga shida yetu ni nyingine. Chubwi mpya ikishaonja maji chumvi siku chache inaota unga mweupe, ukiishika mkono mweusi, na mdomo wa tundu unakwangua mshipi taratibu hujui, unakuja kujua samaki changu kashaondoka na ndoana.

Kusubu kwenyewe sirefushi. Tafuta vile vyuma vya kubalansi matairi kwa mafundi, usivunje betri za gari, zile zina asidi na vumbi baya sana. Yeyushia nje kwenye upepo, risasi inayeyuka nyuzi 327, ukiona vipande vinaelea juu havitaki kuyeyuka vitoe, hivyo ni zinki au chuma. Tupia kipande cha nta kama punje ya hindi (kitawaka, usishtuke), koroga, takataka zinapanda juu unaziengua. Kalibu iwe kavu kabisaa, tone moja la maji likikutana na risasi ya moto inaruka usoni, na mchanga wa pwani unaouona mkavu juu chini una unyevu. Msumari unaosimamishwa ndani ya kalibu ili uache tundu ufukize kwenye kibatari upate masizi, usiupake nta wala mafuta hapo, yanaungua na chubwi inatoka na makunyanzi.

Sasa nta. Ukipata masega yaliyokamuliwa, ya Handeni mfano, chemsha na maji, chuja kwa kitambaa, acha usiku, asubuhi nta imeganda juu kama sahani. Chukua nta kipimo 1, mafuta ya nazi vipimo 2, weka kwenye kopo, kopo liingie kwenye sufuria ya maji ya moto, sio motoni moja kwa moja kwasababu nta inayeyuka nyuzi kama 63 tu, ikizidi moto inawaka. Dondosha tone kwenye kijiko baridi, likiganda kama mafuta ya mgando umepatia, likiwa linateleza tu ongeza nta, joto letu hili mafuta ya nazi hayagandi yenyewe.

Chubwi ziweke juu ya bati juani nusu saa zipate moto. Chovya kitambaa kidogo, sugua, alafu futa mpaka uone kama umeifuta yote, hapo ndo imebaki ya kutosha. Mi mara ya kwanza nilipaka nene kama siagi kwenye mkate, nikafika Sahare nikaziweka chini ya ngalawa, zikanyanyuka zimevaa mchanga kama kashata, na mchanga huohuo ndo ukala mshipi wangu, yani bora ningeacha.

Tundu usilisahau, tena ndo kazi yenyewe. Chukua uzi wa katani, upake ile nta, upitishe tunduni uvute mbele nyuma kama mara ishirini, unasikia kabisa unavokwaruza mwanzoni, ukianza kuteleza kimya acha. Unga mweupe ukianza kurudi, rudia.

Ila nta haiondoi sumu ya risasi. Usibane chubwi kwa meno, nawa kwa sabuni kabla ya kula, watoto wasichezee. Na sufuria ya risasi haipikiwi tena maisha, yangu naitundika bandani juu kabisa tangu nimkute mama watoto anataka kuchemshia mayai.