Tokyo kwa hela ya mawazo
Kwa mnaoenda Tokyo na mfuko mwembamba, chakula cha jioni msikinunue mapema. Vuta subira mpaka kwenye saa mbili usiku hivi, ingia supamaketi ya kawaida ya mtaani, utamwona mfanyakazi anapita na rola ya stika anabandika kwenye sushi na bento (wali na kitoweo kwenye kiboksi), akibandika yenye 半額 ujue ni nusu bei, na wenyeji nao wanamvizia hapohapo kwa adabu zote ila mkono mwepesi, kwa hiyo usizubae. Wasiokula nguruwe kariri hii 豚, na hii ポーク, ukiiona kwenye pakiti rudisha.

Kuona jiji toka juu msilipie mnara, nendeni jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku, mnakaguliwa mabegi tu kisha lifti inawapandisha ghorofa ya 45, mita 202 juu, bure kabisa. Asubuhi za baridi anga likiwa safi Mlima Fuji unauona kule magharibi, mi nilikaa dirishani mpaka miguu ikafa ganzi.