Kuvaa kengele za kukeri na kuzunguka nazo kutwa nzima

Kila nikiweka picha, maswali ni yaleyale: kinyago kina uzito gani, unaonaje njia? Kinyago utakizoea. Kazi yote iko kiunoni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeoa katika kijiji kimoja karibu na Elhovo, kusini-mashariki mwa Bulgaria, na nimetoka mara tano na kikundi cha wakwe zangu. Kukeri ni wanaume, siku hizi na wanawake, wanaovaa ngozi, vinyago na kengele wakapita nyumba kwa nyumba kufukuza mabaya ya majira ya baridi na kuliombea shamba. Ukialikwa kutoka nao, anza hivi.

Hatua ya 1: Pata tarehe

Kwetu wanatoka siku ya Sirni Zagovezni, Jumapili ya mwisho ya kula jibini, maziwa na mayai kabla ya Kwaresima, au Jumatatu yake. Chukua Pasaka ya Waorthodoksi, rudi nyuma siku 49. Mwaka 2027 Pasaka yao ni tarehe 2 Mei, kwa hiyo siku yenyewe ni 14 Machi. Ukihesabu kwa Pasaka ya Wakatoliki, ya 28 Machi, utafika wiki 5 kabla, kengele zikiwa bado darini.

Hatua ya 2: Jua uko upande gani wa nchi

Hapa wageni wengi huchemsha. Wanaona picha za Pernik, wananunua pembe na mabawa ya ndege, kisha wanakuja nazo kwetu. Pernik, kilomita 30 hivi kutoka Sofia, ina mambo yake: huko wanaitwa survakari, wanatoka usiku wa 13 Januari na siku ya 14, yaani mwaka mpya wa kalenda ya zamani, na vinyago vyao ni virefu, vya mbao, manyoya na pembe. Sherehe hiyo imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2015, na tamasha la mjini, lililoanza 1966, hufanyika mwishoni mwa Januari. Razlog wanatoka tarehe 1 Januari wakiwa wamejifunika ngozi za mbuzi wenye nywele ndefu, huwaoni hata macho. Shiroka Laka, kwenye milima ya Rodopi, ni Jumapili ya kwanza ya Machi.

Upande wetu, wa Yambol na Elhovo, kinyago ni kofia ndefu iliyochongoka, imejaa shanga, riboni na vipande vya kioo. Kukipamba ni kazi ya nyumba nzima. Binti yangu wa miaka minne hukimbia kukeri wote barabarani isipokuwa mimi. Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi, na shanga za pua ya kile changu alizibandika yeye.

Hatua ya 3: Jifunge kibwebwe

Hapa nasema kibwebwe chenyewe, cha kitambaa. Wao wanakiita poyas: mkanda wa sufu, upana wa shibiri moja, urefu wa mita tatu au zaidi. Vaa kwanza fulana, sweta na suruali nene. Kisha mwenzako ashike ncha moja aivute kwa nguvu, wewe weka ncha ya pili chini kidogo ya mbavu na ujizungushe kumwendea, taratibu, ukitoa pumzi. Ukimfikia, uwe unashindwa kuinama vizuri. Hapo ndipo panapotakiwa.

Juu yake ndipo unafunga mkanda wa ngozi wenye kengele. Ziko za bati la chuma lililofuliwa, zenye sauti nzito ya kukwaruza, na za shaba iliyosubiwa, zenye sauti ndefu. Kubwa zikae nyuma na ubavuni, ndogo mbele. Zangu jumla ni kilo 28. Usizoee njuga za ngoma ukadhani ni ndugu zake: njuga unazifunga mguuni unazisahau, hizi zinakukumbusha kila hatua.

Mwaka wa kwanza niliona aibu kufungwa kama mtoto, nikajifunga mwenyewe. Nyumba ya tatu mkanda ulikuwa umeshuka mapajani, natembea kama bata. Jioni nyonga zote mbili zilikuwa zimevilia damu.

Hatua ya 4: Zipige kwa magoti

Usitikise mabega. Kunja magoti kidogo, ruka kwa vidole, ukitua zungusha kiuno mara moja, kushoto kisha kulia. Kengele zote zigonge kwa pamoja. Zikilia ovyo kama mbuzi waliotawanyika, simama, anza upya. Baba mkwe alikuwa akinifuata nyuma uani, ananigonga mgongo kwa fimbo: “Momche, kiuno! Kiuno!” Momche ni kijana, nilikuwa na miaka 38.

Fanya mazoezi dakika kumi kwa siku, wiki mbili. Majirani watavumilia.

Hatua ya 5: Mlangoni

Ingia nyuma ya kiongozi, ruka uani mpaka asimame, na yeye akisimama nawe nyamaza papo hapo. Mwenye nyumba atatoa mayai, unga, divai au rakia, pombe kali ya matunda. Mimi ni Mwislamu, nachukua mayai, wala hakuna aliyewahi kukasirika. Msikilize pia “bulka”, bibi harusi, ambaye kwa desturi ni mwanamume aliyevaa gauni: akikutania, taniwa.

Mwisho wote hukusanyika uwanjani. Mmoja wetu, anayeigiza mfalme, analima matuta matatu kwa jembe la kukokotwa na kukeri wenyewe, anapanda mbegu, kisha anavingirisha kipimo cha mbao cha nafaka, mfano wa pishi. Kikitua mdomo juu, mwaka ni wa mavuno. Usikiguse hata kikija miguuni pako.

Hatua ya 6: Vua, kisha uende nyumbani

Usijifungue peke yako, kengele zitakuangukia vidoleni. Zifute jasho na theluji, zipake mafuta, zitundike.

Mkila usiku wa Jumapili, yai la kuchemsha au halua hufungwa kwenye uzi mwekundu juu ya meza, watoto wakilidaka kwa mdomo bila mikono. Kabla ya hapo wadogo hubusu mikono ya wakubwa na kuomba msamaha. Aliyelelewa na shikamoo hana la kufundishwa. Mama mkwe nikamshika mkono, akacheka, akaniuliza nimekula mayai mangapi ya watu.