Mtoto akirudi nyumbani baada ya upasuaji wa fuvu: kwa wazazi walioko Uingereza

Kuna watoto ambao maungio ya mifupa ya kichwa hufunga mapema mno, fuvu likakosa nafasi ya kukua sawasawa. Vituo vikuu vya upasuaji huu England ni vinne: London, Birmingham, Oxford na Liverpool. Kwa hiyo huenda ukarudi nyumbani mbali na aliyempasua mwanao, baada ya siku chache tu wodini. Usitoke bila namba ya simu ya wodi na karatasi ya maelekezo.

Kinachotisha kwanza ni uvimbe. Huzidi siku ya pili na ya tatu, hata macho yakafumba kabisa. Mtoto asiyeona hushtuka akiguswa ghafla, kwa hiyo msemeshe kwanza, kisha mshike. Uvimbe ukipungua, michubuko inaweza kuteremka mashavuni. Hilo ni la kawaida.

Mara nyingi mshono hupita sikio hadi sikio, umepindapinda ili nywele zikiota zifiche kovu. Siku ya kuosha kichwa utaambiwa hospitalini. Ikifika, mimina maji ya vuguvugu kwa kikombe, weka shampuu ya mtoto kidogo, usisugue, kausha kwa kugusagusa na taulo safi. Magaga yaache yadondoke yenyewe.

Sasa suala la mafuta, ambalo najua litaleta maneno nyumbani. Nazi, habasoda, karafuu: hakuna kinachopakwa kwenye kidonda mpaka kliniki iruhusu. Na kichwa hakikandwi ili “kikae vizuri”, kwani mfupa umekatwa na kupangwa upya. Bibi akisisitiza kwenye simu ya video, mjibu kwa adabu: “Shikamoo bibi, daktari amekataza, tunasubiri kidonda kipone.” Nywele za kusuka na vitambaa vya kubana navyo vingoje.

Dawa ya maumivu mpe kwa kipimo ulichoandikiwa. Paracetamol haizidi mara nne kwa saa 24, na usichanganye na sirapu nyingine kabla ya kusoma chupa, maana nayo inaweza kuwa na paracetamol. Aspirini usimpe. Mtoto mchanga alale chali bila mto, hata kama wodini kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa.

Piga simu wodini joto likifika 38, kidonda kikitoa usaha au kikianza kunuka. Utaambiwa uangalie wekundu, lakini kwenye ngozi yetu hauonekani kirahisi. Weka mgongo wa kiganja karibu na mshono: ngozi ikiwa ya moto, ngumu, inang'aa, au mtoto akikwepa mkono wako, sema hivyo hivyo kwenye simu.

Piga 999 akipata degedege, akiwa hazinduki, au akitapika mfululizo huku amelegea. Majimaji yanayochuruzika kidondani au puani kama maji safi, au utosi uliofura wakati ametulia, ni vya kuonwa siku hiyo hiyo. Wodi isipopatikana, piga 111.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. NHS haikutozi. Usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri mambo haya.

Na safari ya kwenda kuwaonyesha mtoto Mombasa au Dar? Muulize daktari wa upasuaji kabla ya kulipia tiketi. Mkienda, bebeni barua ya kuruhusiwa hospitali, ili daktari wa huko ajue kilichofanyika.