Kupiga picha Usambara na pwani ya Tanga: fuata upepo, mwezi na maji

Kinachonilipia kodi ya nyumba ni harusi. Jumamosi niko ukumbini Tanga mjini nikifukuzana na bibi harusi na shela yake. Jumapili, nikiamka na nguvu, napanda gari la Lushoto au la Pangani na kamera ileile. Baba yangu ni Msambaa, mama ni Mdigo wa Moa, kwa hiyo mlimani kwetu na baharini kwetu. Wanaoniuliza "dada, picha hizi unazipataje?" hutarajia nitaje aina ya kamera. Mimi huwarudishia swali: wewe ulikwenda mwezi gani, na maji yalikuwaje?

Maelekezo mengi ya picha za mandhari yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia subiri majani yageuke rangi, subiri theluji, tumia saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya machweo. Mwembe wa kwetu haugeuki rangi Oktoba, na mwanga huo haufiki saa nzima. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, na likishatoka una kama nusu saa ya mwanga laini kabla halijaanza kukausha rangi zote. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshasimama, stendi imefunguliwa na pembe umeichagua. Ukifika jua limeshatoka, basi umekwenda kutalii, na kutalii nako si dhambi.

Kinachobadilika sana ni mahali linapotokea. Juni linachomoza kaskazini-mashariki, Desemba kusini-mashariki. Ukisimama ufukweni Ushongo ukitazama bahari, Juni jua liko kushoto kwako, Desemba liko kulia. Mnazi ulioinama uliokupa picha nzuri wakati wa kipupwe, ukirudi wakati wa kaskazi utaukuta hauna jua nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya safari hakikisha mwezi huo jua linatokea upande gani, ndipo uchague ufukwe.

Mlimani

Nianze na kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa sababu ndio msimu wangu. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga Usambara, unapanda na kupoa, na unyevu ule unageuka ukungu. Usambara Mashariki, huko Amani, ndiyo inayopokea kwanza. Magharibi, upande wa Lushoto, unapata sehemu yake baadaye. Ukivuka hadi kwenye miteremko inayotazama Mkomazi, kule Mtae, unakuta pakavu, maana mvua imeshaangukia upande wa pili. Ukilijua hilo huna haja ya kubahatisha: unataka msitu ndani ya ukungu, nenda Amani au msitu wa Magamba upande wa Lushoto, unataka kuona mbali, tambarare ya Mkomazi na milima ya Upare, nenda Mtae.

Ukungu una tabia moja inayowaudhi wengi: picha inatoka ya kijivu, chafu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani kuna mwanga wa kupita kiasi, hivyo inaupunguza. Wewe uongeze. Kwenye kitufe cha kurekebisha mwangaza panda hadi +0.7 au +1, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera. Mlima wa grafu usogee kulia bila kugonga ukuta. Kwa simu, gusa sehemu unayotaka iwe wazi, shikilia hadi ifunge, halafu vuta mwanga juu kidogo kwa kidole. Hapo ukungu unakuwa mweupe, na miti ya mbele inabaki nyeusi inavyotakiwa.

Jambo la pili, acha lenzi pana nyumbani, au walau ndani ya begi. Watu wanadhani mandhari ni lenzi pana tu. Milima ya Lushoto ni mikunjo juu ya mikunjo, na lenzi pana inaisukuma yote mbali mpaka inakuwa mistari midogo isiyo na maana. Mimi natumia lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 200, nachagua mikunjo mitatu au minne inayofifia mmoja baada ya mwingine, na kama bahati ipo, moshi wa jiko moja katikati. Kisha nasubiri. Ukungu unafunga na kufungua kila baada ya dakika chache. Anayekunja stendi kwa hasira mara nyingi hukosa kilichokuwa kinakuja. Chukua sweta. Alfajiri ya Julai kule juu vidole vinakufa ganzi, na mtu wa Tanga mjini haamini mpaka afike.

Msituni Magamba sheria ni tofauti. Jua kali ni adui, linatupa madoa meupe kila mahali. Siku ya mawingu mazito ndiyo siku ya kuingia. Hapo kichujio cha polaraiza kinalipa gharama yake: kizungushe taratibu ukitazama majani yaliyolowa, utaona ule mng'ao mweupe unaondoka na kijani chenyewe kinatokea. Kinakula mwanga kidogo, kwa hiyo lazima stendi, au egemea mti na kubana pumzi.

Masika, Machi hadi Mei, ndio msimu unaokimbiwa na wageni, nami nashukuru. Mvua haimwagiki mchana kutwa kila siku. Inapiga, inaacha, na kile kipindi baada ya kuacha hewa inakuwa imeoshwa: kutoka ukingo wa Irente unaona Mombo chini yako na tambarare ya Wamasai inayokwenda bila mwisho, mteremko wa karibu mita 1,000. Irente inatazama magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo ni mahali pa jioni. Watu hufika saa saba mchana, wanapiga picha ya bonde jeupe lisilo na kivuli, wanaondoka. Wewe fika saa kumi na moja jioni, kaa hadi giza liingie. Weka kitu mbele, mwamba, kichaka, hata rafiki yako amesimama hatua kadhaa nyuma ya ukingo, vinginevyo picha haitamwambia mtu kwamba chini ni mbali. Jiwe likilowa linateleza. Ukisikia radi, shuka. Stendi ya chuma juu ya genge haina mzaha.

Masika pia ndiyo wakati wa maporomoko ya Soni, unayapita njiani ukipanda kutoka Mombo. Maji yanakuwa mengi na ya kahawia. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya robo sekunde inatosha kuyalainisha na bado yakaonekana ni maji. Wanaoyaacha sekunde kumi wanapata maziwa, na mimi sipendi maziwa kwenye picha ya mto wa tope. Kuhusu barabara za vijijini wakati huo: udongo mwekundu ukilowa bodaboda nyingi hazipandi, panga muda wa kutembea.

Kuanzia Agosti mwishoni hadi vuli ianze kuna vumbi, na moshi wa mashamba yanayosafishwa kwa moto. Usipige picha jua likiwa mgongoni kwako. Geuka ulitazame jua linapozama. Moshi ule unalifanya jekundu, na milima inakuwa vivuli vitupu. Mvua za kwanza za vuli, Oktoba au Novemba, zinaondoa uchafu wote huo, na wiki inayofuata ni nzuri sana. Januari na Februari mimi siendi mlimani isipokuwa kwa alfajiri tu. Wanaouliza Kilimanjaro: kilele chake cha Kibo, mita 5,895, huonekana vizuri alfajiri na jioni, mara nyingi ikifika saa tatu asubuhi mawingu yameshafunga.

Pwani

Hapa usitoke nyumbani bila kujua tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo kila mvuvi anayajua. Ambalo wapiga picha wengi hawajalifikiria ni saa. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Sasa piga hesabu. Unataka picha ya mchanga mpana uliofunuliwa, vidimbwi vinaakisi anga la macheo. Ukienda siku ya bamvua kwa sababu umesikia "maji yanakwenda mbali", alfajiri utakuta bahari imejaa hadi kwenye mivinje. Kupwa kwenyewe kutakuja saa nne, jua liko juu, mwanga umeshakuwa mkali. Ili maji yawe yamepwa wakati jua linachomoza, nenda karibu na tarehe 10 na 11 za mwezi mwandamo, au 25 na 26. Hayatakwenda mbali kama ya bamvua, lakini vidimbwi utavipata. Tarehe kamili na saa zithibitishe kwenye jedwali la maji la bandari, au muulize mzee anayeshona nyavu. Mara nyingi namuuliza mzee, na hajawahi kutafuta miwani.

Bamvua nayo ina matumizi yake. Ile saa nne ya maji yaliyopwa, kama mawingu yamefunika jua, ndiyo ya kupiga mistari ya mchanga na miamba iliyo wazi. Na jioni ya mwezi kumi na nne, mwezi unapanda kutoka baharini karibu na wakati jua linazama nyuma yako, maji bado mengi. Siku moja kabla, tarehe 13, ni bora zaidi kwa kamera: mwezi unatoka jua halijazama, hivyo bahari bado ina mwanga, na mwezi hauwi tundu jeupe katikati ya giza. Pwani yetu inatazama mashariki, machweo juu ya bahari usiyatafute. Kwa machweo ingia mlango wa mto Pangani, piga minazi na mashua dhidi ya anga, au simama pembeni mwa mikoko maji yakijaa, mizizi ya mikoko inaakisi yenyewe.

Upepo sasa. Kusi ikikolea, Juni na Julai, bahari inachafuka, maji yanakuwa na matope na ufukwe unajaa majani ya baharini. Hiyo ni picha ya nguvu: mawingu ya chini, tanga limejaa upepo, mnazi umelala. Kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi ili ngalawa isitoke imefifia. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inaleta maji safi zaidi, ile rangi ya kijani na buluu watu wanayodhani imepakwa kwenye kompyuta. Na kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, siku ambazo bahari inatulia kabisa na ngalawa iliyotia nanga inaonekana mara mbili. Zikija, acha kila kitu. Hata harusi, kama una msaidizi.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika. Nahodha ndiye anayejua saa ya kwenda na ya kutoka, usimbishie kwa ajili ya picha moja. Kasa hutaga huko na ufukweni. Ukikutana naye usiku, taa na flashi zima.

Vifaa na ruhusa

Chumvi inaua kamera polepole. Ukitoka ufukweni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Kichujio cha mbele kisafishe kwa kukipulizia kwanza. Mchanga ukiusugua unachora kioo. Fangasi wa ndani ya lenzi ndiye tatizo kubwa zaidi Tanga, kwa unyevu wetu. Usihifadhi kamera kwenye begi la ngozi kabatini. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe vikishajaa unyevu, na kila wiki toa lenzi ipate hewa. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi itafunga mvuke. Iache ndani ya begi robo saa kabla ya kuifungua.

Hifadhi za misitu kama Magamba na Amani zina ada, lipia ofisini. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini kibali kingine. Bandari na kambi za jeshi usielekeze kamera. Shambani kwa mtu salimia kwanza: "Shikamoo mzee, naomba nipite hapa nipige picha ya bonde." Mara nyingi atakuonyesha pembe nzuri kuliko uliyoiona. Kina mama wa mwani waulize kabla, na ukiahidi kuwaletea picha, safisha na upeleke.

Mwisho, majina ya faili. Mimi naandika mahali, upepo, tarehe ya mwezi mwandamo na hali ya maji: "Ushongo, kusi, 11, yamepwa". Tarehe ya kawaida kamera inaandika yenyewe. Mwaka ujao nikitaka vidimbwi vilevile sifungui picha moja moja. Natafuta "11, yamepwa", natazama mwezi, nakata tiketi.