SOMO: Kuingia Dar na marafiki bila kupoteana siku ya kwanza

Wakuu, salaam. Likizo iliyopita tulikuja Dar watu watano kutoka Iringa. Wanne tulipanda basi la usiku, wa tano alitangulia kwa shangazi yake, akaahidi kutupokea Mbezi. Tukashuka alfajiri, tukangoja. Saa moja na nusu akapiga simu kwa hasira: "Nipo Mbezi tangu saa kumi na moja, mko wapi nyie?" Kumbe alikuwa Mbezi Beach.

Stendi iko Mbezi Luis, barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Toka siku hiyo nimekuwa mkali wa majina, na somo hili kwa sehemu kubwa ni majina.

Hatua ya 1: Jueni mnashukia wapi

Mabasi ya mikoani yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyoanza kazi 2021. Mjomba akikwambia "shukeni Ubungo" anakupa ramani ya zamani. Ila baadhi ya mabasi husogea mbele hadi kwenye ofisi zao, kwa hiyo muulizeni konda mkiwa bado Kibaha, sio wakati mizigo inashushwa.

Wanaotoka Dodoma au Morogoro kwa treni ya SGR wanashukia katikati ya mji, Kariakoo na Posta ziko jirani. Kitambulisho kiwe mkononi wakati wa kukata tiketi.

Basi likifika saa tisa usiku, kaeni ndani ya stendi mpaka pakuche. Huko nje kuna watu watakaobeba begi lako kabla hujawaomba.

Hatua ya 2: Majina mapacha (hapa msome taratibu)

Makumbusho ziko mbili. Konda akiita "Makumbusho!" anamaanisha kituo cha daladala kule Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila. Makumbusho ya Taifa yenyewe iko mjini, mtaa wa Shaaban Robert. Mkitaka ya pili mkapanda gari la ya kwanza, mtatembea kwenye nyumba za msonge mkitafuta mafuvu ya kale.

Posta nazo mbili: Posta Mpya na Posta ya Zamani. Hizi angalau mnaweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine.

Mawasiliano ndiyo hiyohiyo Simu 2000. Usishuke ukapanda gari jingine kutafuta ulipo.

Morocco ni Kinondoni, msicheke. Mabasi ya mwendokasi yanafika hapo.

Kwa hiyo mkipanga kukutana, msiseme jina la eneo peke yake. Semeni barabara, kituo, na kitu kisichohama: msikiti, benki, sheli. "Chini ya mwembe" haitoshi.

Hatua ya 3: Malazi

Watu huchagua gesti kwa picha. Chagueni kwa foleni. Kama mipango yenu ni fukwe za Kigamboni, laleni Kigamboni, mje mjini siku moja kwa pantoni. Kama ni kuzurura kila upande, Sinza inafaa: loji tele, chakula mpaka usiku wa manane, na Mwenge na Mawasiliano ziko karibu. Kelele zipo, hilo silifichi. Kabla ya kulipa, washa feni uone inazunguka na fungua bomba uone maji. Sisi watu wa Iringa tulibeba masweta, yakageuka mito.

Hatua ya 4: Mfuko mmoja

Kila mtu atoe kiasi sawa kabla ya safari, mmoja awe mhasibu. Nauli, maji na chakula cha pamoja vitoke humo. Zawadi za mchumba zisitoke humo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza msipange kitu

Ogeni, laleni, jioni nendeni Coco mkale mihogo kwa pilipili mkiangalia bahari. Kariakoo iacheni mpaka mpate akili, na mkienda simu zikae mfuko wa mbele.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgosi wa Lushoto: Mkuu, kisiwa cha Mbudya na cha Bongoyo, kipi bora? Na boti zinapatikana wapi?

Jibu: Boti za Bongoyo ziko Slipway, Msasani. Za Mbudya ziko Kunduchi. Mimi napenda Mbudya, lakini anayelala Sinza atafika Slipway kwa taabu ndogo zaidi. Visiwa vyote ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, kwa hiyo ulizeni kama bei ya boti imekijumuisha.

Dada wa Kihesa: Tunakuja Aprili, wanawake watupu, sita. Kuna shida?

Jibu: Dada, shida ya Aprili ni masika. Mvua ikikaza, bonde la Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani hufungwa, mji unakatika. Msiweke safari ya kurudi siku ileile mliyopanga kwenda mbali. Kuhusu usiku, pandeni gari mliloita kwa programu ya simu, someni namba zake kabla ya kuingia, na muingie wote kwa pamoja.

Kijana wa Mpwapwa: Kigamboni lazima pantoni? Naogopa maji.

Jibu: Sio lazima. Daraja la Nyerere kule Kurasini lilifunguliwa 2016, ni mita 680, unavuka ukiwa umefumba macho. Ila pantoni ndiyo inayokuonyesha mji ukiwa baharini. Jaribu mara moja, kaa katikati.

Mama Wawili: Na yule wa Mbezi Beach aliishia wapi?

Jibu: Alifika saa nne kasoro, na bajaji, akataka nauli itoke kwenye mfuko. Tulipiga kura pale pale stendi. Alishinda tatu kwa mbili, na mhasibu hajanisamehe kura yangu mpaka leo.