Ukikwama kwenye tatizo, anza kubadilisha maneno yake

Ukikaa na tatizo masaa mawili na bado halisogei, mara nyingi shida sio akili yako wala bidii, shida ni ile sentensi uliyoanza nayo. Watu wanaongeza nguvu kwenye sentensi ileile mbovu alafu wanajiona wajinga, na inaniuma kwa sababu kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi tu.

Kuna jaribio la mwanasaikolojia wa Kijerumani, Karl Duncker, unapewa mshumaa, kiberiti na kiboksi kimejaa pini za kubandikia karatasi, unaambiwa uuweke mshumaa ukutani uwake bila nta kudondokea mezani. Watu wanahangaika, huyu anautoboa mshumaa na pini, yule anayeyusha nta augandishe ukutani, na kumbe unachotakiwa ni kumwaga pini, kukibandika kiboksi chenyewe ukutani na kuusimamisha mshumaa ndani yake. Hawakioni kwa sababu kichwani kiboksi kimeshapangiwa kazi, kazi ya kubeba pini. Ukiwapa vitu vilevile ila pini umezitoa nje, wengi zaidi wanapata. Na mwaka 1966 wanasaikolojia Sam Glucksberg na Robert Weisberg wakaonyesha kwamba hata kukitaja kiboksi kwa jina lake, kama kitu kinachojitegemea, kunasaidia. Jina tu! Yani tofauti ya "kiboksi cha pini" na "kiboksi na pini", ile "cha" inakifunga kwa pini, ile "na" inakiachia huru.

Kwa hiyo cha kwanza, chukua karatasi uandike tatizo lako kwa sentensi moja, kama unavyolisema kila siku, usilipambe. Alafu pitia kila jina la kitu ulilolitumia ujiulize hili neno limebeba kazi gani ndani yake. Ukiandika "nahitaji kompyuta mpya" hujaandika tatizo, umeandika jibu ulilolichagua kabla hujafikiri. Jiulize ya nini, na ikija "hii ya sasa inachelewa kufungua mafaili" jiulize tena inachelewa lini, mafaili yote au yale makubwa tu, imeanza baada ya nini. Ukifika "inachelewa tangu diski ilipokaribia kujaa" basi njia imeshabadilika, kufuta vitu ni bure na kompyuta mpya ni hela. Sentensi ya kwanza isingekufikisha hapo hata ungeikalia wiki nzima.

Kwa vitu vya kushika kuna njia nyingine ambayo mi naipenda sana, mtafiti Tony McCaffrey aliiandika mwaka 2012: kivunje kitu vipande, na kila kipande ukieleze bila kutaja matumizi yake. Usiseme "utambi", sema "uzi", na uzi unajua unaweza kufungia kitu. Waliofundishwa hivyo walitatua mafumbo mengi kuliko wasiofundishwa, na mi sishangai, maana ukishasema "uzi" hata mikono inaanza kutafuta cha kufunga.

Mtego mwingine ni njia iliyokuletea mafanikio jana. Mwanasaikolojia Abraham Luchins mwaka 1942 aliwapa watu hesabu za vyombo vya maji: una cha vipimo 21, cha 127 na cha 3, pima vipimo 100. Unajaza cha 127, unatoa 21, unatoa 3 mara mbili, imetoka. Wanapewa kadhaa za namna hiyo wanazoea, alafu inakuja hii: 23, 49 na 3, pima 20. Wengi wanafanya 49 toa 23 toa 3 toa 3, wakati 23 toa 3 inamaliza kila kitu! Mtu ambaye hakupitia zile za mwanzo anaiona haraka. Kwa hiyo ukijikuta unasema "hizi huwa tunazifanya hivi", simama hapo, jifanye hii ndo ya kwanza kuiona maishani mwako, uliza kuna njia fupi?

Ukishapata wazo usilikimbilie. Mwanasaikolojia Peter Wason mwaka 1960 aliwapa watu namba 2, 4, 6 akawaambia watafute kanuni iliyozitoa kwa kumtajia namba zao tatu tatu, naye anawajibu zinafuata kanuni au hazifuati. Wengi walidhani ni kuongeza mbili mbili, wakawa wanataja 8, 10, 12 wanaambiwa ndio, wanazidi kujiamini. Kanuni ilikuwa namba zipande tu, hata 1, 5, 90 ingepita, ila hawakuijaribu kwa sababu walikuwa wanatafuta "ndio". We tafuta "hapana". Andika jambo moja ambalo likitokea wazo lako limekufa, alafu nenda ukalijaribu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Kumweleza mtu kwa sauti nako kunasaidia sana, hata kama haelewi fani yako, tena bora asielewe kwa sababu atakuuliza maana ya yale maneno unayoyapita kila siku bila kuyaangalia.

Na kama bado imegoma, acha, kalale au katembee, ila kabla hujanyanyuka andika sentensi mbili: umefika wapi, na ni neno gani hasa linakusumbua. Ukirudi usianze kwa kusoma kurasa zote za jana maana zitakurudisha palepale, soma hizo mbili tu, alafu liandike tatizo upya bila kulitumia lile neno.